Mkono wa Mpasuaji Haupimwi kwa Karatasi

Mgonjwa anapolazwa juu ya meza ya upasuaji, akapewa dawa ya nusukaputi na kufumba macho, huwa ameikabidhi roho yake kwa binadamu mwenzake. Hamwulizi binadamu huyo ameandika makala ngapi, wala makala hizo zimetajwa mara ngapi katika majarida ya London na New York. Analotumaini ni kwamba mkono utakaoshika kisu umeizoea kazi, jicho limeona mengi, na moyo una utu. Lakini katika vyuo vikuu vingi duniani, siku inapowadia ya kuamua ni mpasuaji yupi apandishwe cheo na kuitwa profesa, hayo anayoyatumaini mgonjwa huwekwa pembeni. Kwanza huulizwa idadi: machapisho mangapi, na yametajwa na wengine mara ngapi?

Huu ni upotofu, na ni upotofu wenye gharama. Gharama hiyo haimwangukii profesa. Humwangukia mgonjwa wa wodini, na humwangukia daktari kijana aliyekuja kujifunza kazi akamkuta mwalimu wake amejifungia ofisini akihesabu kurasa.

Yafaa chanzo cha jambo hili kieleweke. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield, akiwa Philadelphia, alianza kuchapa faharasa kubwa iliyoonyesha ni makala gani ya sayansi imetajwa na makala gani nyingine. Nia ilikuwa njema: kumsaidia mtafiti kufuata njia ya wazo kutoka kwa mwandishi mmoja hadi kwa mwingine. Kilikuwa chombo cha kutafutia maarifa. Lakini wakubwa wa vyuo hawakuchelewa kugundua kwamba kinachoweza kuhesabiwa kinaweza pia kufanywa fimbo. Chombo cha kutafutia kikageuzwa mizani ya kuwapimia watu.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliitengeneza mizani hiyo upya, akaipa jina la herufi moja tu: h. Hesabu yake ni nyepesi. Mtu mwenye h ya 10 ni yule mwenye makala 10 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 10. Hirsch alikisia kwamba katika fizikia, kwenye vyuo vikuu vikubwa, h ya 12 hivi ingemfaa profesa mshiriki na 18 hivi ingemfaa profesa kamili. Wakati huohuo alionya kwamba idadi moja haiwezi kueleza sifa zote za mtu. Onyo hilo halikusikika. Iliyosikika ni idadi. Mwaka 2020 Hirsch mwenyewe alikiri hadharani kwamba kipimo chake kinaweza kushindwa vibaya na kuleta madhara makubwa ambayo hayakukusudiwa. Mganga ameitilia shaka dawa yake mwenyewe, lakini wagonjwa wanaendelea kunyweshwa.

Mwanafizikia hana wodi. Haamshwi saa nane ya usiku kwa sababu lori limepinduka na majeruhi wamefika. Hata hivyo kipimo kilichobuniwa kwa ajili yake kilivuka na kuingia katika idara za upasuaji, hasa za Marekani. Majarida ya upasuaji yakajaa makala zinazolinganisha h za wapasuaji wa ubongo, wa mifupa, wa watoto na wa ngozi. Nyingi zikafikia hitimisho moja: profesa ana h kubwa kuliko profesa mshiriki, na profesa mshiriki ana h kubwa kuliko mhadhiri, kwa hiyo h ni kipimo kizuri cha kupandishia vyeo.

Hoja hiyo ni kinyume cha mantiki. Watu waliopandishwa vyeo kwa wingi wa machapisho wakichunguzwa, lazima wakutwe na machapisho mengi. Tena h haishuki kamwe. Huongezeka kadiri mtu anavyoishi, hata akiwa ameacha kazi na kukaa barazani. Kupima ubora kwa namna hiyo ni sawa na mchuuzi kuweka kidole chake juu ya mizani, kisha akashangaa kwamba nyama imekuwa nzito.

Kosa la kwanza la kipimo hiki ni kwamba hakiioni kazi yenyewe. Mpasuaji wa chuo kikuu ameajiriwa kwa mambo matatu: kutibu, kufundisha na kutafiti. Chukua wapasuaji wawili wa hospitali moja ya kufundishia. Wa kwanza hupasua siku tatu kwa juma, hukaa na madaktari wanaosomea ubingwa hadi mikono yao itulie, na kila mgonjwa akifa huitisha kikao ili kosa lijulikane lisirudiwe. Wa pili hupita wodini mbiombio, huwaachia wanafunzi visu, na muda wake mwingi huutumia kuyapekua mafaili ya wagonjwa wa zamani ili apate makala tano kwa mwaka. Kwa mujibu wa h, wa kwanza ni mvivu na wa pili ni shujaa. Wauguzi wa chumba cha upasuaji wakiulizwa ni yupi kati yao wangependa ampasue mama yao, hawatahitaji tarakilishi ili wajibu.

Kosa la pili ni kwamba kipimo hiki hakitofautishi sifa na lawama. Anayetajwa kwa kupongezwa na anayetajwa kwa kulaaniwa hupata hesabu ileile. Mwaka 1998 Andrew Wakefield, Mwingereza aliyekuwa amefunzwa upasuaji, alichapisha katika jarida la Lancet makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji wa watoto. Makala hiyo ilifutwa mwaka 2010, na mwaka huohuo mwandishi akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Lakini imetajwa zaidi ya mara 1,000, na wengi walioitaja waliitaja ili kuikanusha. Kwa mashine ya kuhesabu, hayo yote ni mafanikio.

Mfano wa pili unatoka ndani ya chumba cha upasuaji chenyewe. Paolo Macchiarini aliajiriwa na Taasisi ya Karolinska ya Sweden mwaka 2010. Mwezi Juni 2011 alimwekea mgonjwa, kijana wa Kiafrika aliyekuwa masomoni Ulaya, bomba la hewa la kooni lililotengenezwa kwa plastiki na kupakwa seli mama. Ulimwengu ulishangilia, Lancet ikachapisha habari hiyo mwaka huohuo, na makala ikatajwa huku na huko. Wagonjwa watatu waliwekewa mabomba ya aina hiyo katika hospitali ya Karolinska, na wote watatu wamekufa. Mwaka 2014 madaktari wanne wa hospitali hiyo waliosoma mafaili ya wagonjwa walitoa taarifa kwamba yaliyoandikwa hayalingani na yaliyotokea. Hawakusikilizwa upesi. Macchiarini alifukuzwa mwaka 2016, makala ya 2011 ikafutwa mwaka 2018, na Juni 2023 mahakama ya rufani ya Sweden ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na miezi sita.

Hakuna anayedai kwamba herufi h ndiyo iliyowaua wagonjwa wale. Lakini ukweli unabaki kwamba katika miaka ile ambayo wagonjwa walikuwa wakiteseka, hesabu ya kutajwa ilikuwa ikipanda. Waliouona ukweli ni madaktari waliofungua mafaili na kuwatazama wagonjwa. Mizani ya karatasi ilikuwa ikimsifu mtu ambaye mizani ya wodi ilikuwa imekwisha kumkataa. Debe tupu haliachi kuvuma, na kipimo hiki kazi yake ni kupima mvumo.

Kosa la tatu ni kwamba idadi ikishakuwa mlango wa cheo, watu huitengeneza. Italia ilipitisha sheria mwaka 2010 iliyoleta utaratibu wa taifa wa kuwapasisha wanaotaka uprofesa, na katika fani za sayansi na tiba hesabu za kutajwa zikawekwa kuwa kizingiti. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baada ya hapo wanasayansi wa Italia walizidi kujitaja wenyewe na kutajana wao kwa wao. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Wengine hawajitaji; hununua. Kwa miaka mingi madaktari wa hospitali nchini China hawakuweza kupanda cheo bila makala katika majarida ya kimataifa, hata wale ambao kutwa nzima walikuwa wakitibu foleni za wagonjwa. Hapo wakazuka wafanyabiashara wa kuuza makala zilizokwisha andikwa, zikiwa na majedwali na picha, bado jina la mnunuzi tu kuandikwa juu. Mwezi Aprili 2017 jarida la Tumor Biology lilifuta makala 107 kwa mpigo, baada ya kugundulika kwamba uhakiki wake ulikuwa wa kughushi. Takriban zote ziliandikwa na watafiti wa China. Ni rahisi kuwacheka madaktari hao. Lakini wa kulaumiwa kwanza ni yule aliyemwambia daktari mwenye wagonjwa sitini kwamba wagonjwa hao si kitu, karatasi ndiyo kitu.

Kosa la nne ndilo linalopasa kuwaamsha wasomi wa Afrika. Kutajwa hutegemea idadi ya waandishi wanaoshughulikia jambo hilo, na waandishi ni wengi pale penye fedha. Anayeandika juu ya maradhi ya matajiri atatajwa na maelfu ya matajiri. Anayeandika juu ya henia iliyokaa miaka kumi bila kutibiwa, au fistula ya mama aliyekaa na uchungu siku tatu kijijini, atatajwa na wachache walio maskini kama yeye. Kwa hiyo kipimo hiki humwambia mpasuaji kijana wa Kampala, Mwanza au Kisumu kwa sauti ya chini: acha maradhi ya watu wako, tafuta maradhi yanayotajwa.

Na Kampala ndipo penye ushahidi mkubwa dhidi yake. Denis Burkitt alikuwa mpasuaji katika hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 aliitwa na daktari mwenzake amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja, naye amevimba vivyo hivyo. Akaanza kufukua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akaandika makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza juu ya uvimbe wa taya za watoto wa Kiafrika. Haikuzua kelele kubwa. Nani huko Ulaya alikuwa na haja na taya za watoto wa Uganda? Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kiasi cha kilometa 16,000, kutoka Uganda kupita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali kwa hospitali na kuuliza kama uvimbe huo umeonekana. Mwaka huohuo mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza akihutubia London, akaomba vipande vya uvimbe. Mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake, kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na uhusiano na saratani ya binadamu.

Sasa iwekwe kamati ya vyeo Mulago mwaka 1960, na mezani pawepo tarakilishi ya h. Ingeona nini? Ingemwona mpasuaji wa hospitali ya mbali, mwenye makala chache juu ya ugonjwa usio na jina, anayejiandaa kupoteza wiki kumi barabarani. Ingemshauri auze gari, akae ofisini aandike. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake duniani kote. Sifa zilikuja, lakini zilikuja baadaye, na kipimo kinachongoja sifa hakiwezi kumtambua mtu wakati anapohitaji kutambuliwa.

Wapo wanaotetea idadi, na hoja yao haifai kudharauliwa. Husema kwamba kabla ya idadi kulikuwa na upendeleo: profesa mkuu alimpandisha mkwewe, kabila lake, au yule aliyembebea mkoba. Idadi, husema, haina ndugu. Ni kweli kwamba upendeleo ulikuwako, na pengine bado uko. Lakini idadi haikuufukuza. Iliuvalisha kanzu nyeupe. Leo mkuu wa idara ambaye hakuona mgonjwa hata mmoja wa utafiti huwekwa jina katika kila makala itokayo idarani, na vijana hukaa kimya kwa kuwa kesho ndiye atakayewatilia saini. Kila makala ikitajwa, yeye hupanda. Zaidi ya hayo, mama aliyesimama kazi miaka miwili kulea watoto, na daktari aliyekwenda kufanya kazi wilayani, wote huachwa nyuma na idadi isiyouliza walikuwa wapi. Upendeleo usio na jina ni mgumu kushitakiwa kuliko wenye jina.

Lazima pia kuulizwa mizani hii ni ya nani. Hesabu zinazoaminiwa zaidi hutoka katika hifadhi mbili kubwa: Scopus, mali ya kampuni ya Elsevier, na Web of Science, mali ya kampuni ya Clarivate. Yote mawili ni makampuni ya biashara. Elsevier huchapa majarida na papo hapo humiliki mizani ya kuyapimia. Muuzaji ndiye mkaguzi wa bidhaa zake. Jarida la Afrika lisiloingizwa katika hifadhi hizo ni kama halipo, na makala iliyomo ndani yake, hata ikiokoa maisha ya wajawazito wa mkoa mzima, haina hesabu. Msomi huandika bila malipo, huhakiki bila malipo, kisha chuo chake hununua kwa fedha za umma kile alichokitoa bure. Mara nyingi mwandishi mwenyewe hudaiwa maelfu ya dola ili makala yake isomwe na wote. Unyonyaji huu haukuja na bunduki, lakini mirija yake imefika mbali.

Afrika Mashariki haiwezi kuwa na anasa ya kucheza mchezo huu. Mwaka 2015 tume ya upasuaji duniani iliyoundwa na jarida la Lancet ilitoa taarifa kwamba watu bilioni tano hawapati upasuaji ulio salama na wenye gharama wanazozimudu, na kwamba upasuaji milioni 143 zaidi ulihitajika kila mwaka. Kati ya upasuaji milioni 313 uliokuwa ukifanyika kwa mwaka, asilimia 6 tu ilifanyika katika nchi maskini kabisa, ambako huishi zaidi ya theluthi moja ya watu wote duniani. Katika hali kama hiyo, mpasuaji mmoja anayewafunza wengine kumi ni hazina kubwa kuliko makala hamsini. Ndiyo maana chuo cha wapasuaji wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1999, huwafunza wapasuaji papo hapo katika hospitali wanamofanyia kazi. Walimu wao hujitolea muda mwingi. Je, muda huo unahesabiwa wapi? Katika vyuo vikuu vingi vya ukanda huu, kutoka mhadhiri hadi profesa, ngazi bado hujengwa kwa machapisho.

Hapa isidhaniwe kwamba utafiti unapuuzwa. Mpasuaji asiyeuliza kwa nini mgonjwa wake alikufa ni fundi tu, na chuo kikuu kisichotafiti ni shule ya sekondari yenye majoho. Burkitt aliandika, na ni vema aliandika. Wala isidhaniwe kwamba dawa ni kuweka idadi nyingine badala ya hii. Majimbo ya New York na Pennsylvania huko Marekani yalipoanza kutangaza vifo vya wagonjwa wa kila mpasuaji wa moyo, katika miaka ya 1990, wapasuaji wengi walisema kwamba wanasita kuwapokea wagonjwa mahututi wasije wakawaharibia hesabu. Idadi yoyote ikifanywa mungu hudai kafara, na kafara ni mgonjwa.

Dawa ni kurudisha hukumu ya watu wanaosoma na wanaoona. Wanasayansi waliokutana San Francisco mwezi Desemba 2012 walitoa azimio, lililotangazwa mwaka 2013, la kuvitaka vyuo visimpime mtu kwa sifa ya jarida bali kwa kazi yenyewe. China nayo, mwezi Februari 2020, ilipiga marufuku zawadi za fedha kwa makala na ikaagiza hesabu za kutajwa zisiwe msingi mkuu wa vyeo. Kama nchi iliyoinywa sumu hiyo kwa wingi kuliko zote imeanza kuitapika, wengine wanangoja nini?

Kamati ya vyeo ya idara ya upasuaji na imwambie mwombaji alete makala tatu au nne anazoziona bora, na wajumbe wazisome tangu mwanzo hadi mwisho, badala ya kuhesabu zote bila kusoma hata moja. Ilete daftari lake la upasuaji, ione amepasua nani na kwa ugumu gani, nini kilitokea, na alifanya nini baada ya kukosea. Iwaite madaktari aliowafunza, iulize leo wako wapi na wanaweza kufanya nini peke yao. Iwaulize wauguzi na wataalamu wa nusukaputi, maana hao humwona mpasuaji saa ambazo hakuna mwingine anayemwona. Ihesabu siku alizokwenda hospitali za wilaya. Makala iliyobadili namna wajawazito wanavyotibiwa katika mkoa mmoja ipewe uzito wake, hata kama London haikuitaja. Kazi hii ni ngumu kuliko kusoma idadi, nayo itachukua muda. Lakini wanaolipwa kwa kodi ya wakulima hawana haki ya kulalamika kwamba kumjua mtu ni kazi ngumu.

Siku kamati hiyo itakapokaa, mahali fulani mgonjwa atakuwa amelazwa mezani, taa kubwa ikimwangaza usoni. Hajui h ni nini. Atakachokijua, akiamka, ni kama mkono uliomshika ulikuwa umefunzwa na mwalimu aliyekuwapo, au na mwalimu aliyekuwa ofisini akijihesabu.